Kabla ya kung'oa pampu ya mafuta: jibu kwa msomaji anayetaka kuibadilisha mwenyewe

Swali la msomaji: «Gari langu la petroli, la mfumo wa nozeli za umeme, huzima lenyewe barabarani likishapata moto. Nikilipumzisha kama nusu saa huwaka tena na kwenda vizuri. Fundi amenieleza kwamba pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi imekufa. Ninavyo vifaa vya kawaida na siogopi kuchafua mikono. Je, ninaweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani, na je, ninunue pampu peke yake au kifaa chote pamoja na geji yake?»

Jibu: Ndugu msomaji, kwa magari mengi madogo kazi hii inawezekana nyumbani, na mtu mtulivu huimaliza katika nusu siku. Hata hivyo, jambo ulilolipita haraka katika swali lako, yaani kauli ya kwamba pampu imekufa, ndilo ninalotaka kuanza nalo, kwa sababu dalili ulizozitaja zinaweza kutoka kwenye pampu na zinaweza vilevile kutoka kwenye kifaa kingine kidogo, rahisi kubadilisha, kisichohusiana na tangi hata kidogo.

Ni kweli kwamba pampu inayochoka huzima gari likiwa na moto. Ndani yake mna mota ndogo ya umeme yenye kaboni zinazosugua shaba inayozunguka. Kaboni zikiisha, mguso wake hulegea, na joto huuongezea ulegevu huo hadi mota isimame. Ikipoa hushika tena. Lakini sensa ya mzunguko wa injini, ile iliyo karibu na puli au karibu na gurudumu kubwa la gia, nayo huharibika kwa namna hiyohiyo: ikipata moto waya wake wa ndani huachana, ikipoa huungana. Sasa tazama mtego ulipo. Kompyuta ya gari haiiruhusu pampu ifanye kazi mfululizo mpaka ipate ishara kwamba injini inazunguka, ili gari likipata ajali na injini ikazima, petroli isiendelee kusukumwa. Sensa ikikata ishara, kompyuta huizima pampu iliyo nzima kabisa, na fundi anayesikiliza tangini wakati stata inapigwa husikia kimya na kutoa hukumu.

Kwa hiyo, gari likizima tena, usikimbilie kupiga stata. Zima ufunguo, subiri kidogo, kisha uugeuze hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, huku mwenzako ameweka sikio kwenye mdomo wa kujazia mafuta. Katika magari mengi pampu huvuma kwa takriban sekunde 2 kisha hunyamaza. Ukisikia mvumo huo, lakini ukipiga stata injini haishiki na mshale wa mizunguko umelala kwenye sifuri bila hata kutikisika, ishuku sensa kwanza. Usiposikia kitu, bado usiihukumu pampu, maana yapo magari ambayo pampu yake husubiri stata ndipo ivume, na mengine huivumisha mara mlango wa dereva unapofunguliwa, hivyo mvumo unakupita ukiwa bado hujakaa. Linganisha na jinsi gari lako linavyofanya likiwa baridi na zima. Hicho ndicho kipimo chako.

Jaribio jingine halihitaji kifaa chochote: gari likianza kupoteza nguvu, simama mahali salama na ulegeze mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likarudi katika hali yake, njia ya kupumulia ya tangi imeziba, na pampu yako imekuwa ikivuta dhidi ya ombwe.

Baada ya hapo, ufuate umeme. Kagua fyuzi ya pampu, kisha badilishana rilei yake (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) na nyingine yenye namba ileile, mara nyingi ya honi. Kama hayo hayakuleta jibu, pima volti kwenye plagi ya pampu, na hapa naomba uwe makini: plagi iwe imechomekwa na pampu iwe inafanya kazi. Kupima plagi iliyochomolewa ni kujidanganya, kwa kuwa waya ulioliwa na kutu hadi ukabaki nyuzi mbili utakuonyesha volti 12 kamili ilimradi hakuna mzigo unaouvuta. Mzigo ukiingia, volti huanguka. Injini ikiwa inanguruma na alteneta ikichaji, betri huonyesha volti 13.5 hadi 14.5, na kwenye plagi ya pampu usikute pengo linalozidi volti 1. Ukilikuta, tafuta linakopotelea, na uanzie upande wa hasi, kwenye ule waya unaofungwa kwenye bodi. (Katika baadhi ya magari ya karibuni pampu huendeshwa na kidhibiti chake chenyewe kinachokata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, huko mita ya kawaida itakuonyesha volti ndogo isiyo na kosa lolote, na ni heri kufuata kitabu cha gari.)

Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kuletewa gari lenye pampu ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Mwenye gari alikuwa amezihifadhi pampu mbili za awali kwenye buti, zimefungwa kwa gazeti kama samaki. Nilipopima plagi pampu ikiwa kazini nilipata volti 9 na kidogo. Nikaufuata waya wa hasi hadi chini ya zulia la nyuma, ambako bolti yake ilikuwa imeota kutu ya kijani iliyoingia hadi kwenye nyuzi. Kipande cha msasa na bolti mpya vilitosha. Zile pampu mbili za kwenye gazeti nilizipima baadaye, na zote zilikuwa nzima.

Umeme ukishatolewa hatiani, pima shinikizo. Injini nyingi za nozeli zinazomwagia petroli kwenye njia ya hewa hutaka kilopaskali kati ya 250 na 400, yaani karibu psi 36 hadi 58. Takwimu kamili ya injini yako imo kwenye kitabu chake cha matengenezo. Magari kadhaa yana vali ndogo kwenye bomba la nozeli, inayofanana na vali ya tairi, na geji ya kupimia shinikizo huingia hapo. Vaa miwani na uzungushie kitambaa, kwani petroli hutoka kwa mrusho. Tazama vitu viwili: shinikizo injini ikinguruma na ukikanyaga mafuta, na shinikizo dakika kadhaa baada ya kuzima. Likiwa chini tangu mwanzo, chujio la mafuta lililoziba huweza kuleta picha ileile ya pampu mbovu, na chujio ndilo la kubadilisha kwanza kama liko nje ya tangi. Likianguka ghafla mara tu unapozima, vali ya kuzuia kurudi iliyomo kwenye pampu imelegea, au kuna nozeli inayovuja. Dalili yake huwa ni gari kupigwa stata kwa muda mrefu kabla ya kuwaka, na hiyo siyo dalili uliyoitaja wewe.

Neno moja kwa wenye injini zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda: hizo zina pampu mbili. Ya tangini ni hii tunayoizungumzia. Ya pili imekaa kwenye injini, huendeshwa na kemshafti, na shinikizo lake linaweza kupita baa 200. Mabomba ya pampu hiyo ya pili usiyaguse nyumbani.

Sasa tuseme vipimo vyote vimeielekea pampu. Kabla ya kununua chochote, inua kiti cha nyuma na utazame kama pana kifuniko cha bati au plastiki sakafuni kinachofika juu ya tangi. Kikiwapo, endelea. Kisipokuwapo, tangi lazima lishushwe kutoka chini ya gari, na hapo ushauri wangu hubadilika: petroli lita 40 ina uzito wa takriban kilo 30, inayumba ndani ya tangi, na mtu aliyelala chini ya gari kwenye stendi za jeki, peke yake, hana mkono wa tatu. Ipeleke kazi hiyo karakana yenye lifti. Wapo wanaokata sakafu kwa mashine ya kukatia chuma ili wajitengenezee kifuniko. Mashine hiyo hutoa cheche, na sentimita chache chini ya bati hilo kuna tangi lililojaa mvuke. Sioni hali yoyote ambayo ningemshauri mtu kufanya hivyo.

Mvuke ndio hatari yenyewe kuliko petroli unayoiona. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hauruki ukatawanyika, bali hutambaa sakafuni na kutuama kwenye mabonde, mashimo na vyumba vya chini. Ndiyo sababu hufanyi kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa, wala juu ya shimo la ukaguzi, wala karibu na jiko, hita ya maji au friji. Fanyia nje, injini ikiwa imepoa kabisa, milango yote wazi. Tumia tochi ya betri badala ya balbu ya waya, ambayo ikianguka huvunjika ikiwa bado inawaka. Simu iache mbali baada ya kupiga picha za mwanzo. Weka kizima moto cha unga au cha povu hatua chache kutoka garini, upande ambao utakimbilia, si chini ya gari. Na usisahau umeme tuli: kitambaa cha kiti kikisuguana na nguo ya nailoni huzalisha cheche, kwa hiyo vaa pamba, na kila unaporudi kazini shika kwanza chuma cha bodi mbali na tundu la tangi.

Tangi liwe chini ya robo. Njia bora ni kuyatumia mafuta kwa kuendesha. Kama gari haliwaki, yavute kwa pampu ya mkono hadi kwenye dumu la petroli lililowekwa ardhini, na kamwe usivute kwa mdomo. Kisha ondoa shinikizo: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iachwe izime yenyewe, halafu piga stata sekunde chache. Hapo ndipo uchomoe terminali hasi ya betri, kabla ya kufungua bomba lolote, kwa maana terminali hiyo huweza kutoa cheche.

Ukiondoa kifuniko cha sakafu utakuta vumbi, na pengine udongo uliokauka. Tua hapa, usiwe na haraka. Kila chembe iliyo juu ya mfuniko wa pampu itaingia tangini utakapouinua, na itaishia kwenye chujio la pampu mpya. Safisha kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mpaka uone rangi ya plastiki yenyewe. Mashine ya kufyonza vumbi isitumike, kwa kuwa mota yake hutoa cheche. Weka alama ya kalamu inayopita kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye tangi, ili urudishe kila kitu katika upande uleule.

Viunganishi vya mabomba mara nyingi ni vya plastiki vyenye vishikio viwili vya kubonyeza. Siri yake ni kusukuma kwanza kuelekea ndani, kubonyeza, ndipo kuvuta. Ukivuta tu, vishikio hujikita zaidi na plastiki iliyozeeka huvunjika. Zungushia kitambaa, kitatoka kijiko kimoja au viwili vya petroli. Pete kubwa inayofunga mfuniko huwa ngumu. Igongee kwa kipande cha shaba au mti mgumu, kidogo upande huu na kidogo upande ule. Patasi ya chuma juu ya pete ya chuma ni kiberiti.

Ukiinua kifaa, kipandishe taratibu na ukiinamishe, kwa kuwa mkono wa boya la geji umejitokeza ubavuni na ukipinda kidogo tu, geji ya dashibodi itakuonyesha uongo kuanzia siku hiyo. Kitabaki na petroli ndani yake, pengine kikombe kizima. Kiache kichuruzike juu ya tundu, kisha ukiweke kwenye beseni. Kabla ya kufunika tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, mulika ndani. Tangi safi huonyesha sakafu yake waziwazi. Ukiona tope la kahawia, au matone ya maji yanayoviringika chini ya petroli, tangi lazima lisafishwe, la sivyo pampu mpya itakufa kama ya zamani.

Kuhusu pampu peke yake au kifaa chote, uamuzi wangu hutegemea ninachokiona hapo kwenye beseni. Kama fremu ya plastiki haina ufa, geji ilikuwa inasema kweli na pini za plagi ni safi, pampu peke yake inatosha, mradi shinikizo lake, kiasi inachosukuma na kipenyo chake vilingane na ya awali. Kama pini zimegeuka kahawia au plastiki ya plagi imeyeyuka, nunua kifaa chote na ubadilishe na kipande cha plagi cha upande wa gari, kwa sababu joto lile lilitokana na mguso hafifu, na litairudia plagi mpya. Chujio dogo la kitambaa lililo mdomoni mwa pampu hubadilishwa kila mara, bila kujadiliana. Kimpira kinachounganisha pampu na mfuniko nacho kiwe cha aina iliyotengenezwa kuzama ndani ya petroli. Mpira wa kawaida wa mafuta hustahimili petroli kwa ndani tu, na ukizamishwa hulainika kutoka nje, ukapasuka, nawe ukadhani pampu mpya ni mbovu. Utepe wa umeme usiutumie humo, maana gundi yake huyeyuka na kwenda kuziba chujio.

Watu wengi hutamani kuigusisha pampu mpya kwenye betri waisikie ikivuma kabla ya kuifunga. Tamaa hiyo iache. Pampu hulainishwa na kupozwa na petroli inayopita ndani yake, kwa hiyo kuiendesha ikiwa kavu ni kuianzishia uchakavu, na kuiwekea umeme karibu na tangi lililo wazi ni kutafuta moto.

Sili kubwa ya mfuniko iwe mpya. Ile ya zamani ikishatoka huvimba, nawe utahangaika nayo nusu saa ukishangaa kwa nini haiingii katika mfereji ilimokaa miaka yote. Usiongeze gundi ya silikoni, kwani petroli huilainisha na kuibeba. Ketisha sili kwenye shingo ya tangi, teremsha kifaa kwa namna uliyokitoa, linganisha alama, kisha mtu mmoja aukandamize mfuniko sawasawa huku mwingine akiianza pete kwa vidole. Pete ikikataa kwa vidole, imeingia upogo. Irudishe nyuma na uanze tena. Kama ni bolti, zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana mduara, na kwa nguvu ndogo iliyoandikwa kitabuni.

Mabomba yasukume hadi yalie, kisha uyavute kujihakikishia. Liache gari wazi dakika 20 mvuke utoke, ndipo urudishe fyuzi, na betri iwe ya mwisho. Geuza ufunguo bila stata kwa sekunde chache, uzime, urudie mara nne au tano ili mabomba yajae. Pitisha karatasi laini kavu kuzunguka kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho huukosa. Kama hakuna unyevu, washa, na upime shinikizo tena kwa geji.

Kiti usikirudishe bado. Ukiwa na robo tangi, petroli haijaifikia sili, na sili iliyokaa vibaya itakaa kimya hadi siku utakapojaza. Endesha gari likipata moto kabisa, uone kama linazima kama zamani, kisha jaza tangi, urudi nyumbani na uitazame sili kwa tochi. Ikiwa kavu, rudisha kifuniko na gundi yake. Matambara yaliyolowa yatandaze nje yakauke, usiyarundike ndani ya ndoo.

Gari likizima tena kwa namna ileile licha ya shinikizo zuri, rudi kwenye ile sensa ya mzunguko. Na kabla hujaitupa pampu ya zamani, kata kitambaa cha chujio lake kwa mkasi na ukikunjue juu ya karatasi nyeupe. Kikiwa kimejaa unga wa kutu, chanzo ni tangi. Kikiwa safi, na wewe ni mtu wa kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka, pampu huenda ilikosa petroli ya kuipoza, na hiyo mpya itahitaji tangi lisishuke chini ya robo.